Ndoo Inayochemka Bila Moto: Vidokezo 8 vya Kuipa Mizizi Hewa

Saladi unayoikuza kwenye ndoo ya maji, bila udongo, imelegea majani adhuhuri, na ndoo imejaa pomoni? Usikimbilie kuongeza mbolea. Inua kifuniko, tazama mizizi. Ikiwa myeupe kama tambi, mambo safi. Ikiwa ya kahawia, inateleza kama bamia na kunuka mtaro, mgonjwa wako amekosa pumzi. Ndiyo, mizizi nayo inapumua! Tiba zake si ghali, na nyingi utazimaliza kabla chai haijapoa.

1. Jiwe chini, mapovu madogo
Pampu ya tangi la samaki inatosha kabisa. Kwa ndoo ya lita 20, tafuta inayosukuma lita 4 au 5 za hewa kwa dakika. Mpira wa pampu ukiwa mtupu hutoa mapovu makubwa kama ya maharage jikoni, yanapanda mbio na kupasuka. Ufunge jiwe la hewa, lile lenye vitundu vidogo, nchani, ulilaze katikati ya sakafu ya ndoo. Povu likiwa dogo na safari yake ndefu, oksijeni nyingi zaidi inabaki majini. Na ule mtikisiko wa maji juu? Usiudharau, hewa nyingi huingilia hapo hapo.

2. Pampu ikae juu, tafadhali!
Hili nimelilipia. Pampu yangu niliiweka sakafuni, nyuma ya kochi, isionekane. Usiku umeme ukakatika. Hewa iliposimama, maji yakarudi kwa mpira uleule, yakapita ndani ya pampu na kutokea upande wa pili, tone kwa tone. Alfajiri nikakanyaga zulia, chwa! Ndoo nusu, pampu imekufa, mama watoto ananitazama bila neno. Itundike pampu kwenye msumari, juu ya usawa wa maji. Kama haiwezekani, nunua valvu ya njia moja, kile kiplastiki kidogo cha kuunga katikati ya mpira. Mshale wake uelekee kwenye ndoo. Ukikigeuza, hupati hata povu moja.

3. Poza maji kabla ya kununua pampu kubwa
Wengi hukosea hapa. Maji ya nyuzijoto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hubeba kama 7.5 tu, hata upulize vipi. Tena kwenye joto mizizi huhitaji hewa zaidi, na pithiamu, kiumbe kinachoozesha mizizi, hushangilia. Kwa hiyo ndoo iliyo kwenye baraza la Dar mwezi Februari haihitaji pampu ya pili, inahitaji kivuli. Isogeze. Adhuhuri tumbukiza chupa ya maji yaliyoganda, ikiwa imefungwa vizuri, uwe na nyingine kwenye friza ya kubadilishana. Au ivishe ndoo gunia lililoloweshwa, ipoe kama mtungi wa bibi. Ukiwa Dodoma, gunia litakufurahisha. Pwani, penye unyevu mwingi hewani, usitarajie makubwa.

4. Umeme umekatika? Mimina kama chai
Chota jagi la maji ya ndoo, inua mkono, mimina kutoka juu kama muuza chai anayetafuta povu. Mara kumi au kumi na tano, kisha rudia kila baada ya saa chache. Watoto wataigombania kazi hii, na sakafu italowa kidogo. Vumilia.

5. Ndoo isione jua
Ndoo nyeupe hupitisha mwanga, mwanga huotesha mwani, na usiku mwani huo unagombania oksijeni na mizizi yako. Paka rangi nyeusi, kisha nyeupe juu yake ili isivute joto. Huna rangi? Gubika kwa karatasi ya alumini ya jikoni.

6. Jiwe nalo huziba
Mapovu yanatoka upande mmoja tu? Chumvi za mbolea na chokaa zimeziba vitundu. Liloweke kwenye siki usiku kucha, suuza, lipulizie hewa likiwa nje ya maji, rudisha. Mawe yenyewe ni bei ya chee, weka la akiba.

7. Pampu inanguruma? Ivalishe ndala
Kata kipande cha ndala iliyochoka, kiweke kati ya pampu na ukuta. Kelele nyingi ni mtetemo tu. Ila isiwe karibu na jiko la mkaa wala mahali unapopuliza dawa ya mbu: inachovuta ndicho inachopeleka majini.

8. Huna pampu kabisa? Acha pengo
Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alieneza njia isiyotumia pampu wala umeme. Unaanza na maji yanayogusa kitako cha kikombe cha mmea. Mmea unakunywa, maji yanashuka, na mizizi ya juu inabaki hewani ikipumua. Saladi huipenda sana njia hii. Kosa lipo moja: huruma. Unaona maji yamepungua, unajaza hadi juu, na mizizi iliyozoea hewa inazama. Ukilazimika kuongeza, ongeza kidogo tu. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito katikati ya ndoo, na mwambie dada wa nyumbani asiupite.