Mahali pa Kitanda katika Nyumba ya Kale ya Lamu: Mwongozo kwa Msafiri wa Rågsved

Nyumba za mawe za mji wa Lamu, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, hupokea leo wageni wa kulala, kama zinavyowapokea hanoki, yaani nyumba za jadi za mbao za Korea, ambazo nyingi zimegeuzwa kuwa nyumba za wageni katika miji ya Seoul na Jeonju. Mkazi wa Rågsved, kusini mwa Stockholm, huziendea nyumba hizo akiwa na mazoea ya fleti za miaka ya 1950, ambamo mabomba ya maji ya moto hulisha kipasha joto kilicho chini ya dirisha na chumba kizima huwa na joto lilelile, hata asiwe na sababu ya kuuliza alale upande gani. Katika nyumba ya kale swali hilo ndilo la kwanza.

Safari yenyewe, kutoka kituo cha treni cha Rågsved hadi uwanja wa Arlanda, kisha Nairobi, Manda na mashua ya kuvukia, haihitaji maelezo. Yanayohitaji maelezo ni mambo matatu: msimu, nyumba, na mahali pa kitanda. Anayesafiri Julai hukuta kusi ikivuma, na anayesafiri Desemba hukuta kaskazi, na pepo zote mbili hupoza nyumba. Bali likizo ya Pasaka mara nyingi huangukia tanga mbili, kipindi ambacho kaskazi imekwisha na kusi haijashika, na hewa husimama kabisa.

Ni katika tanga mbili ndipo mwandishi wa makala haya alipofikia nyumba moja ya mtaa wa Mkomani, akiwa amelipia kupitia wakala wa mtandaoni kile kilichoitwa chumba bora kuliko vyote. Picha hazikuwa za uongo. Zilionyesha zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu juu ya safu ukutani, na kitanda cha samadari chini ya boriti za mkoko. Lakini wakala hakusema kwamba chumba hicho ni ndani, chumba cha upande wa nyuma, ambacho hakina dirisha hata moja na ambacho kuta zake nene za matumbawe huendelea kutoa joto la mchana hadi usiku wa manane. Mawakala wa namna hiyo huuza mapambo na kuficha hewa, na kwa kazi hiyo hujikatia sehemu nzuri ya malipo ambayo ingemfaa zaidi mwenye nyumba; lalamiko lililopelekwa kwao lilijibiwa kwamba chumba kinalingana na picha.

Ufumbuzi ulitoka kwa bibi aliyeitunza nyumba. Alipoulizwa, “Shikamoo bibi, nyinyi wenyewe mnalala wapi msimu huu?” alijibu, “Marahaba mwanangu. Sisi tuko msanani, ndani humo twamweka mgeni kwa heshima.” Msana ni ukumbi mrefu na mwembamba, wenye upana usiozidi sana mita 3 kwa kuwa boriti ya mkoko haibebi zaidi, nao hufunguka moja kwa moja kwenye kiwanda, yaani ua wa katikati ulio wazi juu, ambamo hewa ya moto hupanda na ya baridi hushuka hata pasipokuwa na upepo. Zamani ncha za msana zilitengwa kwa pazia zikawa mahali pa kulala, na mpangilio huo ungali unafaa.

Kwa hiyo swali la wenyewe hulala wapi liulizwe kwa simu, kwa mwenye nyumba na si kwa wakala, kabla senti moja haijalipwa. Swali hilohilo lina maana Korea, ambako sakafu ya ondoli, mfumo uliotambuliwa na serikali kuwa urithi wa taifa mwaka 2018, ilipashwa kwa moshi na joto la meko vilivyopita chini ya mawe, hivyo upande wa karibu na meko ulikuwa na joto zaidi nao ukaachiwa wazee na wageni. Siku hizi hanoki nyingi hupitisha maji ya moto chini ya sakafu, jambo ambalo mtu wa Rågsved atalielewa upesi.

Kuhamia msanani kuna adabu yake na vifaa vyake. Mwenye nyumba aliyetoa ndani ametoa kilicho bora, basi aambiwe kwanza kwamba heshima imepokewa, kisha aombwe hewa. Chandarua kiwe cha pembe nne, kwa maana kile cha duara huning’inia kwenye ndoano moja iliyofungwa juu ya kitanda cha ndani na hakihamishiki. Msafiri achukue kamba nne, mbili zifungwe kwenye boriti na mbili kwenye misumari ya ukutani, na pindo lichomekwe chini ya godoro. Matandiko yaondolewe mapema alfajiri, kwa kuwa msana ni njia ya watu wa nyumba waendao kiwandani kuchota maji ya udhu.