Kuhesabu Pumzi za Mtoto Mchanga

Mtu mzima akipimwa mapafu, hupewa bomba akaambiwa apulize kwa nguvu. Mtoto mchanga haambiwi "puliza" akapuliza. Katika hospitali chache kubwa hupimwa kwa mashine akiwa usingizini. Lakini kipo kipimo ambacho mzazi aweza kukifanya nyumbani, nacho ni kuhesabu pumzi.

Mngoje mtoto atulie. Akiwa analia au ananyonya, hesabu haifai. Mfunue nguo, utazame tumbo na kifua. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima, kwa saa au kwa simu. Wako wanaohesabu nusu dakika wakazidisha mara mbili. Nami nilifanya hivyo kwa mwanangu, nikakosea, kwa maana mtoto mchanga hupumua mbio, kisha polepole, hata pengine hutua kidogo.

Kwa mtoto asiyetimiza miezi 2, pumzi zikifika 60 hesabu tena. Zikifika 60 mara ya pili, usingoje ng'ombe wakamuliwe, mpeleke hospitali. Tangu miezi 2 hata mwaka mmoja, mwenye kikohozi akifika pumzi 50 huenda ana nimonia, apelekwe siku iyo hiyo. Tangu mwaka hata miaka 5, ni 40.

Lakini kifua kikibonyea sana chini ya mbavu kila avutapo pumzi, au akishindwa kunyonya, hapana haja ya kuhesabu: ondokeni mara moja.

Uliyehesabu, andika hesabu yako na saa uliyohesabu, umwonyeshe muuguzi pamoja na kadi ya kliniki.