Mwanamke katika Michoro ya Falaki ya Zama za Mwamko

Ukurasa wa mbele wa kitabu cha anatomia cha Vesalius, kilichochapishwa Basel mwaka 1543, unaonyesha umati wa wanaume wakiuzunguka mwili wa mwanamke unaopasuliwa. Katika vitabu vya falaki vya zama hizohizo hali yaonekana kuwa kinyume, kwani mwanamke ndiye mwalimu. Ensaiklopidia ya Gregor Reisch ya mwaka 1503 ina mchoro wa Ptolemaio akiipima mbingu kwa kwadranti, na nyuma yake amesimama bibi aitwaye Astronomia, akimwelekeza. (Ptolemaio amevishwa taji, maana alichanganywa na wafalme wa Misri wenye jina hilo.)

Bibi huyo, hata hivyo, si mtu. Majina mengi ya elimu katika Kilatini ni ya jinsi ya kike, na Wagiriki walikwisha kuikabidhi falaki kwa mungu wa kike, Urania. Wachoraji walipata hapo njia rahisi ya kuipa kazi ya mwanamume heshima ya mbinguni. Mwanamke aliyekesha akipima nyota alikuwa jambo jingine kabisa.

Tycho Brahe aliliita jumba lake la kisiwani Hven kwa jina la Urania: Uraniborg. Dada yake, Sophie, alimsaidia kuchunguza kupatwa kwa mwezi mwaka 1573. Lakini katika mchoro mashuhuri wa kwadranti ya ukutani, alioutoa Tycho mwaka 1598, wapo wasaidizi wa kiume, zipo saa, yupo hata mbwa, Sophie hayumo.

Zama hizo zilikuwa zimekwisha pita mwaka 1673, Johannes Hevelius wa Danzig alipotoa kitabu cha vyombo vyake. Sekstanti yake kubwa ilihitaji watu wawili: mmoja alilenga nyota ya kwanza, mwingine ya pili, ndipo pembe kati yao iliposomwa. Mchoro wamwonyesha Johannes pamoja na mkewe, Elisabetha, wote wawili kazini. Hiyo haikuwa hisani, kwa kuwa chombo kile hakikufaa kitu bila mtu wa pili.

Johannes alifariki mwaka 1687. Elisabetha ndiye aliyeichapisha orodha yao ya nyota zaidi ya 1,500, mwaka 1690. Atlasi iliyoambatana nayo yafunguliwa kwa picha ya Johannes akiwa mbele ya Urania na wanafalaki wakuu waliomtangulia, amebeba ngao na sekstanti. Jina la Elisabetha limo kitabuni, chini ya maneno ya kumtunukia mfalme kazi hiyo. Sura yake haimo pichani.