SOMO LA ROBO HII: Kabla ya kununua msumeno wenye nguvu zaidi



Katika toleo hili tunapenda kushirikishana somo tulilolipata Mombo, wilayani Korogwe. Usharika mmoja wa bondeni ulituandikia barua kuomba msumeno mkubwa wa mnyororo, ambao wengi wetu tunauita chensoo. Usharika huo ulikuwa na mitiki na mikaratusi yake iliyokomaa, na ulihitaji mbao za madawati na kenchi za darasa la chekechea. Barua ilisema msumeno uliopo "hauna nguvu". Fedha iliyopendekezwa ilikuwa sehemu ya fedha ya bati. Kama tungekosea, watoto wangesoma chini ya kenchi zisizo na paa.

Kabla ya kujibu tulikwenda na fundi.

Tulichokikuta

Kwanza, mnyororo ulikuwa butu. Mnyororo mkali hutoa maranda, lakini huu ulitoa unga. Mhubiri 10:10 hulizungumzia jambo hili kwa mfano wa shoka lisilonolewa. Pili, chujio la hewa lilikuwa limeziba kwa vumbi.

Tatu, msumeno ulikuwa umeazimwa Lushoto kwa wiki kadhaa na kabureta ikarekebishwa huko. Lushoto iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo takribani mita 400. Huko juu hewa ni nyepesi, hivyo fundi hupunguza petroli inayoingia. Msumeno ukirudi bondeni bila kurekebishwa tena, petroli huwa haitoshi, injini hupata joto kali na pistoni huweza kukwama. Ndugu zetu wanaopandisha na kushusha misumeno kwa barabara ya Soni wazingatie hili.

Baada ya kunoa, kusafisha na kurekebisha, msumeno ule ule ulikata gogo vizuri. Lakini tulipojaribu kupasua mbao kwa urefu wa gogo, ulichoka na kuchemka. Kwa hiyo hitaji lilikuwa la kweli, ila halikuwa kama lilivyoandikwa.

Nguvu kiasi gani?

Kuangusha mti na kukata magogo ni kazi ya dakika chache. Kupasua mbao ni kuibana injini kwa nguvu zote kwa muda mrefu. Tulilinganisha mifano miwili. STIHL MS 250 ina injini ya cc 45.4 na nguvu ya kilowati 2.3. MS 381 ina cc 72.2 na kilowati 3.9. Tofauti ni kubwa, lakini mkubwa una uzito wa takribani kilo 2 zaidi, hunywa petroli zaidi, na humchosha mwendeshaji haraka.

Mwongozo wetu kwa kamati ni huu:

1. Kama kazi ni kuangusha na kupogoa miti isiyozidi sentimita 40 za unene, injini ya cc 45 na upanga (chuma kirefu kinachobeba mnyororo) wa sentimita 40 inatosha.
2. Kama mtapasua mbao mara kwa mara, tafuteni cc 70 hivi na upanga wa sentimita 50 hadi 63. Nunueni na mnyororo wa kupasulia, ambao meno yake hunolewa kwa pembe ya nyuzi 10 badala ya 30.
3. Msifunge upanga mrefu kwenye injini ndogo. Hauongezi nguvu, unaimaliza.
4. Kama mbao ni nyingi, ulizeni kwanza gharama ya mashine ya kupasulia. Kila mkato wa chensoo hula karibu sentimita 1 ya mti. Mikato mitatu hupoteza karibu sentimita 3, yaani zaidi ya mbao moja ya sentimita 2.5.

Kupanga bajeti

Hapa tunakiri kosa letu. Miaka ya nyuma tuliidhinisha msumeno mkubwa kwa usharika mwingine bila fedha ya mnyororo wa akiba wala mafunzo. Ulifanya kazi msimu mmoja, kisha ukalala stoo. Sasa, katika kila shilingi 100 tunatenga 70 kwa mashine na 30 kwa minyororo miwili, tupa za duara za kipimo sahihi, oili, kofia ngumu yenye kioo na vizuia kelele, glovu, buti, na suruali maalumu ya kuzuia mnyororo. Fedha isipotosha, tunapunguza ukubwa wa mashine. Vifaa vya usalama havipunguzwi.

Mkinunua mtumba, wekeni sharti la kuuwasha ukiwa wa baridi, kisha fundi afungue ekzosi na kutazama pistoni. Ikiwa ina mikwaruzo, uacheni. Muwe macho na nakala bandia zenye majina makubwa. Bei ya chini mno ni dalili. Pia, kabla ya kulipa, fikeni ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) kuuliza taratibu za usajili wa msumeno, kibali cha kuvuna na hati ya kusafirisha mbao.

Uamuzi wa usharika

Kamati ilinunua msumeno mmoja wa daraja la cc 70 kwa wakala anayeuza vipuri, ikabakiza ule mdogo kwa matawi, na vijana wawili wakafunzwa. Sehemu kubwa ya fedha ya bati ilibaki, na bati zikanunuliwa.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Je, chombo chetu hakina nguvu, au hakijatunzwa? Nani alikinoa mara ya mwisho?
- Ni mbao ngapi tunahitaji kwa mwaka? Kukodi kunagharimu kiasi gani?
- Nani atakitumia, na amefunzwa na nani?
- Kila mti tunaokata, tunapanda mingapi, na nani ataimwagilia?

Kamati yenye majibu ya maswali haya iyaandike ndani ya barua ya maombi. Yatatusaidia sisi na wafadhili kuamua mapema na kwa haki.