Dondoo muhimu: Kusaka maneno ya Kiingereza kwa herufi zilizopo

Katika Scrabble ya Kiingereza, herufi inayowakwamisha wengi ni Q. Ina alama 10, ipo moja tu kati ya vigae 100, na mchezaji aliyezoea kuiona ikifuatwa na U huikalia mpaka mchezo unakwisha. Dawa ya kwanza ni QI, neno halali la herufi mbili. Ya pili ni QAT. Orodha ya maneno halali ya Collins inakubali pia FAQIR na TALAQ, ambayo mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kuyakariri: ni fakiri na talaka zile zile. Z huokolewa na ZA, J na JO, X na AX, EX, OX au XI.

Vigae vikiwa vingi mkononi, hutengwa kwanza vipande vinavyozoeleka, kama ING, ER na ED za mwishoni au RE na UN za mwanzoni, kisha zilizobaki hupangwa upya. Kuteremsha vigae vyote saba kwa mkupuo huongeza alama 50. S nazo zisitupwe ovyo. Ziko nne tu.

Wordle, mchezo wa kubahatisha neno, ni habari nyingine, kwa sababu nafasi za baadhi ya herufi hujulikana. Katika mazoezi (si mashindanoni, ambako ni udanganyifu mtupu) tovuti ya OneLook husaidia sana: alama ya kuuliza husimama badala ya herufi moja, nyota badala ya herufi zozote. ?RA?E huleta CRANE, GRAPE, BRAVE na mengine kadhaa.