NDOTO ZA KUTISHA ZA WATOTO: ZINASEMA NINI?



Juma lililopita, kabla ya saa sita ya usiku, mdogo wetu mmoja wa darasa la kwanza alipiga kelele kubwa mu chumba cha kulala. Macho yalikuwa wazi, lakini hakutuona. Asubuhi tukamuuliza, akasema hakumbuki hata kidogo. Kufika saa ya kula, wengine walikuwa wanasemezana: "Huyu iko mulozi." Ni juu ya neno lile ninaandika somo hili.

1. Kuna namna mbili.
Mu mwaka 1953, kule Chicago, Aserinsky na Kleitman walionyesha kwamba kuna saa ambapo macho ya mtu aliyelala yanatembea mbio chini ya kope. Mu usingizi ule ndoto nyingi zinakuja, zaidi karibu na asubuhi. Mtoto anaota simba anamufukuza, anaamka, anakumbuka, anamutafuta mama. Hii ni ndoto ya kutisha.

Kilio cha usiku ni kitu kingine. Kinakuja mu usingizi mzito wa saa za kwanza. Sehemu moja ya ubongo inaamka, ingine inabaki imelala. Ndiyo maana mtoto analia macho wazi, na kesho hajui kitu. Mdogo wetu alionyesha alama hizo zote.

2. Zinatoka wapi?
Homa, uchovu, msiba, kuacha nyumbani. Mtoto aliyekimbia vita anaweza kuiona tena akilala. Mimi mwenyewe, nikiwa na miaka 7, niliota kila mara ninaanguka mu kisima. Baba alikuwa amekwenda kwenye machimbo, hatukuwa na habari zake. Bibi hakutafuta nani ananiroga. Aliuliza: "Mjukuu wangu, mchana unaogopa nini?" Nikajibu: "Baba hatarudi." Nikalia sana. Kisima hakikuisha siku ile, lakini kilianza kuja mara chache.

Basi ndoto haisemi mtoto ni mtu wa namna gani. Pengine inasema anaogopa nini.

3. Neno "mulozi" si mchezo.
Kinshasa na mu miji mingine watoto wamefukuzwa nyumbani juu ya neno hilo. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mtoto ulozi. Na sisi tunaosoma Biblia tunajua: ndugu za Yusufu walimuchukia juu ya ndoto zake, wakamutupa mu shimo. Ubaya ulikuwa kwa nani?

4. Tufanye nini?
– Anayelia usingizini: usimutikise, usimumwangie maji. Kaa karibu asijiumize, atalala tena.
– Aliyeamka na woga: umusikilize, usimucheke. Mchana aeleze ndoto yake na kuitengenezea mwisho mwingine anaotaka, airudilie akilini kila siku. Hata waganga wa hospitali wanatumia njia hii.
– Zikirudi usiku mwingi, tumwambie mlezi wetu wa chumba ao muuguzi.

Tangu siku ya Mungu kitanda cha mdogo wetu kiko karibu na changu. Anayetaka kumuita jina baya apite kwangu kwanza.

Maswali: (a) Ndoto ya kutisha na kilio cha usiku vinatofautiana namna gani? (b) Wewe, ukiwa mdogo, uliota nini, na mchana uliogopa nini?

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita