Orodha Iko kwa Nani? Vidokezo 9 kwa Viongozi wa Klabu za Chuo

Uchaguzi wa klabu umekwisha. Mwenyekiti mpya amepatikana, katibu na mweka hazina wamekabidhiwa madaftari, na ratiba ya muhula imejaa: safari ya Bagamoyo, usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza, bonanza, mdahalo na chuo jirani. Mazungumzo ya kwanza huwa ni fulana zitakuwa za rangi gani. Zungumzeni fulana, zina raha yake, ila kikao hicho kisivunjike kabla ya swali hili kujibiwa: likitokea jambo, nani hasa atafanya nini?

Nimekaa na klabu za wanafunzi kama mlezi, na nimeona madhara mengi huanzia pale ambapo kila mmoja alidhani mwenzake ameshashughulikia. Vijana si wazembe. Wanapendana na wanajitolea. Kinachokosekana ni jina.

1. Andikeni jina mbele ya kila jukumu

"Kamati itahakikisha usalama" ni maneno yasiyo na mtu ndani yake. Andikeni hivi: orodha ya abiria: katibu; sanduku la huduma ya kwanza: fulani; funguo za ukumbi: fulani; kuzungumza na dereva: fulani. Kila mmoja awe na wa kumshikia nafasi akiumwa.

Kisha mpeni kila mwenye jukumu ruhusa ya kusimamisha mambo. Aliyepewa kumwangalia dereva akisema huyu amekunywa, basi haliondoki, hata kama watu wameshapanda na muziki umewashwa. Mwenyekiti akimbishia hadharani siku hiyo, safari ijayo hakuna atakayethubutu kufungua mdomo.

2. Kabla ya kupanda basi

Barabara ndiyo inayonitia hofu kuliko yote. Jioni ya tarehe 18 Machi 2024, basi la Chuo Kikuu cha Kenyatta lililokuwa likienda Mombasa liligongana na lori eneo la Maungu, karibu na Voi. Wanafunzi 11 walipoteza maisha. Walikuwa kwenye safari ya masomo, kama zile ambazo klabu zetu hupanga kila muhula.

Baada ya ajali ya namna hiyo wazazi hupiga simu wakiuliza jambo moja tu: mwanangu alikuwamo? Anayeweza kuwajibu ni mwenye orodha ya waliopanda kweli. Maana yupo aliyejiandikisha akaghairi asubuhi, na yupo aliyepanda dakika ya mwisho akakalia kiti cha rafiki yake. Kwa hiyo majina yahakikiwe watu wakiwa wameshaketi. Nakala moja ibaki chuoni, kwa mlezi au kwa Mshauri wa Wanafunzi, ikiwa na namba ya simu ya ndugu wa karibu wa kila abiria. Orodha iliyomo kwenye simu moja, na simu yenyewe imo ndani ya basi hilo hilo, haitamsaidia mzazi yeyote.

Kuhusu gari, ulizeni kabla ya kulipa. Dereva amelala usiku? Ametoka safari gani jana? Kwa mwendo mrefu, yupo dereva wa pili? Mikanda ipo na inafungika? Kosta ikikodishwa kwa bei ya chini mno kuliko nyingine zote, kuna kitu kimepunguzwa mahali, na huenda ni matairi au usingizi wa dereva. Sheria ya usalama barabarani ya Tanzania inayawekea magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu ni kilomita 50. Mtu mmoja akae mbele macho makavu, na iwe imekubaliwa tangu mwanzo kwamba anaweza kumwambia dereva, "Kaka, punguza." Mrudi mchana. Kuondoka Mikumi magharibi ili kukwepa gharama ya kulala ni kununua hatari kwa fedha kidogo. Kama bajeti haitoshi kulala, fupisheni safari.

3. Bahari haijui kuwa mmekuja kufurahi

Waulizeni wote, mmoja mmoja na pembeni, kama wanajua kuogelea. Mbele ya wenzake kijana ataitikia ndiyo. Wasiojua waishie maji ya kiunoni. Waingie wawili wawili, watoke wawili wawili, na mtu mmoja abaki mchangani akihesabu vichwa; huyo haingii majini na hashiki simu mpaka apokewe zamu. Wavuvi wa hapo hapo ndio walimu wenu: wao watawaambia mkondo uko wapi, na kama ni bamvua watawaambia maji yatajaa saa ngapi.

Ukiona mwenzako anazama, usimrukie kama hujafunzwa uokoaji. Anayezama hukumbatia chochote anachokipata na atakuzamisha naye. Mtupie dumu tupu lililofungwa kifuniko, kamba, au mrushie ncha ya kitenge, huku mwingine akikimbia kuita msaada.

Mkivuka kwenda kisiwa cha Mbudya au Bongoyo, kila mtu avae jaketi okozi kabla boti haijang'oa nanga. Najua mtaambiwa ni hapo tu, mnaona kisiwa. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 katika Ziwa Victoria kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Siku ile walikufa zaidi ya 220. Nahodha akisema mbanane, gawanyikeni mwende kwa awamu mbili.

4. Kumbi, milango na hofu

Tarehe 12 Aprili 2015, siku kumi baada ya shambulio la kigaidi katika Chuo Kikuu cha Garissa, transfoma ililipuka katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi waliamini wamevamiwa. Mmoja alifariki, na zaidi ya 100 waliumia kwa kukanyagana na kuruka kutoka ghorofani. Novemba 30 mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama lenye milio ya risasi ambalo wengi waliokuwamo hawakuwa na habari nalo. Watu waliruka madirishani, na mfanyakazi mmoja akafa. Mara zote mbili hakukuwa na mvamizi hata mmoja.

Kwa hiyo siku ya hafla yenu, milango yote ya kutokea iwe wazi; kufuli na mnyororo vitoke kabisa mlangoni, na aliyetajwa kwa jina aizungukie milango hiyo kwa miguu. Mshereheshaji aionyeshe milango kwa mkono kabla ya muziki kuanza. Watu wakizidi viti, wengine wasimame nje. Jenereta likae mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Na kamwe msitishe watu kwa mzaha, iwe ni fataki ndani ya ukumbi au kelele za "moto!".

5. Kuwakaribisha wapya

Hapa naomba tukae kidogo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwa na kitu kilichoitwa Mzee Punch. Wanafunzi wasiojitambulisha walibandika ukutani michoro na maandishi ya kejeli. Kulikuwa na nyakati ambapo kejeli hiyo iliwalenga wakubwa wa chuo, na wengi waliifurahia. Baadaye ikageuka silaha dhidi ya wanafunzi wa kike, hasa waliowakataa wanaume. Februari 1990, mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa na kutishwa. Vyama vya wanawake vilipaza sauti, kikiwamo TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa 1987.

Nawakumbusha viongozi wa leo kisa hiki kwa sababu kabla ya kifo kile jambo lenyewe lilipita kama utani wa chuo. Waliobandika hawakuwa na majina, na waliosoma ukutani wakacheka hawakujiona wana wajibu wowote. Ukuta ule sasa ni grupu la WhatsApp na kurasa za udaku za wanafunzi, na picha ya binti hufika hosteli zote kabla hajamaliza kuoga.

Mkipanga chochote cha kuwapokea wapya, kipimeni hivi: anaweza mtu kukataa leo, na kesho akawa mwanachama mwenye heshima ile ile? Kama jibu ni hapana, kifuteni. Kama sharti ni kwamba mlezi asijue, kifuteni pia. Kulazimisha kunywa, kuvua nguo, kunyimwa usingizi, kutukanwa kwa zamu, hayo yote hayajengi undugu. Kwa nini msiwapeleke wapya maktaba, zahanati ya chuo, na kwa mama lishe anayepika vizuri kwa bei nafuu? Mgeni hukumbuka aliyemwonyesha njia.

6. Mtu akizidiwa na pombe, piga simu sasa

Februari 2017, katika Chuo Kikuu cha Penn State huko Marekani, kijana wa miaka 19 alinyweshwa pombe nyingi kwenye hafla ya kuingizwa katika chama cha wanafunzi, akaanguka kwenye ngazi. Wenzake walikuwa naye usiku kucha. Zilipita karibu saa 12 kabla ya mtu kupiga simu ya dharura, na alifariki. Walikuwapo wengi, na walihofia adhabu.

Asiyeamka ukimtikisa, anayepumua polepole, ambaye ngozi yake ni ya baridi, huyo hajalala. Mlaze ubavu, mtu abaki naye, apelekwe hospitali. Mtangazieni kila mwanachama, mapema na kwa maandishi, kuwa klabu haitamwadhibu aliyeita msaada hata kama naye alikunywa. Hofu ya adhabu ndiyo inayochelewesha simu.

7. Mwenzako akikuletea habari ya unyanyasaji

Msikilize. Usimhoji kama hakimu, usimwulize alivaa nini, na usiwaite wote wawili "kuyamaliza kindugu." Kiongozi wa klabu si mpelelezi. Kazi yako ni kumpeleka salama kwa wanaohusika: Dawati la Jinsia la chuo kama lipo, Mshauri wa Wanafunzi, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Mwulize anataka nani afuatane naye.

Kama amebakwa, muda una thamani kubwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na zikianza mapema ni bora zaidi. Kadiri inavyowezekana asioge kwanza, na nguo zake zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi. Fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza, hutolewa polisi. Kwa walioko Kenya, namba 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo.

Angalieni pia ndani ya klabu yenyewe. Anayegawa nafasi za safari, vyeti au udhamini wa mashindano ana madaraka, hata akiwa na miaka 21. Kudai ngono ili kutoa nafasi ni kosa la jinai Tanzania, kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Kifungu hicho kisomwe kwenye kikao cha kwanza, kwa sauti, mwenyekiti akiwapo.

8. Pesa na majina ya watu

Michango isiingie kwenye laini binafsi ya mweka hazina. Tumieni akaunti ya kikundi ambayo kutoa fedha kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja, na risiti zipigwe picha siku hiyo hiyo. Utaratibu huu humlinda mweka hazina mwaminifu kuliko mtu mwingine yeyote.

Orodha za wanachama zenye namba za simu na taarifa za afya msizimwage kwenye grupu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Safari ikiisha, futeni zile namba za ndugu.

9. Andikeni yaliyokaribia kutokea

Klabu hubadilisha viongozi kila mwaka, na maarifa huondoka na wanaohitimu. Wekeni daftari moja la mambo yaliyonusurika: tairi lililopasuka Chalinze bila mtu kuumia, mwanachama mwenye pumu aliyesahau dawa hosteli, mlango wa nyuma wa ukumbi uliokutwa na kufuli. Andikeni bila kumtafuta mchawi, siku tatu zisipite. Makabidhiano yafanyike kabla ya mitihani, wa zamani na wapya wakiwa meza moja, dereva yule aliyesinzia akiwa bado anakumbukwa kwa jina, pamoja na namba ya gari lake na sababu ya kutomwita tena.